Kiti Chini ya Ngazi

Jumapili, 6 Septemba 1998

Itambulike na wote wanaohusika, wa karibu na wa mbali, walio hai na waliotangulia, kwamba leo, baada ya chai ya asubuhi, kiti cha Mzee Norbert Pinkus kimehama. Kiti hicho, ambacho kilikaa kwenye dirisha la mbele tangu kabla mimi sijajua kwamba duniani kuna mahali panaitwa Gants Hill, sasa kipo chini ya ngazi, kimeegemea ukuta, kinatazama mlango. Hakuna hotuba iliyotolewa. Mzee alinyoosha kidole, mimi nikabeba.

"Hapa hakuna cha kutazama, Mzee," nilimwambia. "Dirishani ulikuwa unaiona barabara."

"Barabara nimeshaiona," akasema.

Kwa faida ya atakayeliokota daftari hili: mimi ni Laurean, mtu wa Bukoba, karani wa zamani wa chama cha ushirika cha kahawa, sasa mlezi wa wazee hapa mashariki ya London. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kwa kuwasikiliza watu wanaodhani sisikii. Mzee ni Myahudi, mzaliwa wa Ujerumani, fundi mstaafu wa makoti ya mvua, mgane, mwenye miaka themanini na minne. Neno "Mzee" nimemfundisha mimi na amelipenda. Anasema Waingereza wamemwita "mista" tangu kabla ya vita na halijamwongezea kitu.

Jumanne, 8 Septemba

Mvua. Tulipokuwa tukipanda kwenda bafuni, ambako choo nacho kipo, Mzee alisimama katikati, akashika kishikio, akasema, "Laurean, hizi ngazi zimekuwa nyingi."

Ngazi hazijaongezeka hata moja tangu nianze kazi hapa. Nikajua anazungumzia maisha. Wazee wa kwetu nao ni hivyo hivyo: akikwambia mlima umerefuka, ujue anawawaza waliokwisha kufika juu. Nikamjibu kwa upole, "Mungu ndiye ajuaye, Mzee." Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa wimbo.

Jumamosi, 12 Septemba

Leo Sabato. Niliandike jambo hili vizuri, maana Msabaha, mtu wa Tanga ninayepanga naye chumba Walthamstow, nilipomsimulia alisema Muhaya akikosa cha kujisifia hutunga.

Tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi nyota zinapotoka, Mzee hawashi kitu wala hazimi, hapandi gari, na akiwa barabarani habebi hata leso mfukoni. Wala hawezi kuniambia mimi niwashe. Kunituma ni sawa na kuwasha mwenyewe. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuongea na ukuta.

"Humu ndani kuna baridi," anauambia ukuta. Mimi, ambaye hakuna aliyenituma, naona kweli kuna baridi, naenda zangu kuwasha hita.

"Jikoni kumekuwa giza," anauambia ukuta, na jikoni kunakuwa na mwanga.

Mlezi aliyenitangulia alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye vyeti. Mzee akisema kuna baridi, yeye anajibu, "Ni kweli, mwaka huu imewahi," basi wanakaa wote wawili wakitetemeka kwa adabu.

Mimi kazi hii niliisomea kwa mama. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuomba kitu maishani mwake. Alikwenda kwa jirani mwenye chumvi, akakaa, akasalimia mpaka kuku, halafu akasema, "Nimepika leo, lakini midomo haijafurahi." Jirani akainuka kuchota chumvi. Kwetu mtoto asiyejua kusoma fumbo alilala njaa. Ndiyo maana nasema, bila kujisifu, kwamba London nzima hakuna amwelewaye Mzee Norbert kama mimi.

Jumapili, 13 Septemba

Mjukuu wake, Dalia, alikuja na mumewe Gideon, binti yao Leora wa miaka mitatu, na kichanga. Mimi humwita Mama Leora. Mwanzo alishangaa, sasa nikikosea nikamwita Dalia anauliza amenikosea nini.

Wanatafuta nyumba. Wamepanga Hendon, na mkataba unakwisha mwezi wa pili. Kununua Hendon hawawezi; kwa hela zao Hendon wangepata gereji, tena isiyo na mlango. Nilidhani kutafuta nyumba ni kutafuta nyumba. Sivyo. Lazima sinagogi liwe karibu kwa miguu, kwa kuwa Sabato hakuna gari. Lazima awepo mchinjaji wao. Lazima ziwepo familia nyingine zenye watoto, la sivyo Leora atacheza na paka wa watu. Tena kuna kigari cha mtoto: Sabato hakisukumwi barabarani, na mtoto habebwi. Kwa hiyo mama mwenye kichanga hufungwa nyumbani kila Jumamosi mpaka mtoto atembee, labda akae mahali ambapo majirani wenye watoto watamjia mlangoni.

Gideon, ambaye kazi yake ni kompyuta na anaamini kila kitu kina jibu, amechagua Borehamwood, kaskazini, nje kidogo ya jiji. Vijana wote wa Kiyahudi wasio na hela wamekimbilia huko. Nyumba ni mpya, na ipo moja yenye chumba cha chini kwa ajili ya Mzee.

"Opa, utakuja kukaa nasi?" Dalia akamuuliza. Opa ni babu kwa Kijerumani.

"Nitakwenda mtakakokwenda," akasema Mzee kutoka kwenye kiti chake chini ya ngazi.

Jikoni Dalia akaninong'oneza, "Unaona? Anasema hivyo ili asitukwaze. Hata nikimpikia supu mbaya husema ni tamu. Wewe unakaa naye kila siku, Laurean. Anataka nini hasa?"

Nikamwambia nipe muda, nitamsoma.

Jumatano, 16 Septemba

Mvua. Supu.

Alhamisi, 17 Septemba

Mvua. Supu ya jana.

Jumatano, 30 Septemba

Leo ndiyo siku yao kubwa ya kufunga na kutubu. Nilimpeleka Mzee taratibu, fimbo mkono mmoja, mimi mkono mwingine. Sinagogi la hapa ni jengo kubwa kama ghala la kahawa, na siku za kawaida wanalijaza kama panya wanavyolijaza ghala tupu. Leo, ajabu! Watu wamesimama mpaka kwenye korido. Kofia, suti, manukato, magari yamefichwa mtaa wa pili ili Mungu asiyaone.

Dalia alikuwepo, amelala kwa Mzee toka jana. Jioni macho yalikuwa yanamng'aa kwa njaa na furaha. "Umeona, Laurean? Watu wangali wapo! Nilipokuwa mtoto kila Jumamosi ilikuwa hivi. Tulikuwa tunatembea katikati ya barabara kwa sababu kando hakutoshi."

Sikutaka kumwambia kwamba hata kanisani kwetu Walthamstow Krismasi hujaa namna hiyo, na Jumapili inayofuata padri husalimiana na viti.

Jumapili, 18 Oktoba

Tumekwenda Borehamwood na gari la Gideon kuiona nyumba. Ni mtaa wa nyumba mpya zinazofanana kama mikate ya kiwandani. Miti yake bado imefungwa kwenye vijiti. Lakini watoto! Kila mlango baiskeli, kila mlango viatu vidogo. Leora alishuka garini, na kabla hatujafunga mlango alikuwa ameshikana mikono na msichana asiyemjua, wamekwisha kugombana na kupatana.

Mwanamke wa nyumba ya pili alitoka na mtoto kiunoni akamwambia Dalia, "Jumamosi sisi wenye vichanga tunakaa kwangu, rabi ameziunganisha nyua zetu hivyo kubeba mtoto ndani yake kunaruhusiwa; mlango uko wazi, njoo na nepi zako." Nilimwona Dalia akimeza mate kama mtu aliyenusa chakula.

Mzee alizunguka chini tu. Alikagua chumba, akapita kwenye korido, akafungua mlango mmoja akajifungia humo kitambo. Gideon alipomwalika apande aone vyumba vya juu, akasema, "Juu najua kukoje."

Garini nikamuuliza ameionaje. "Nyumba nzuri," akasema, akalala.

Nyumba nzuri. Maneno mawili. Mtu aliyependa kitu hasemi maneno mawili. Mama yangu alipopelekwa kuuona mji wa mkwe asiyempenda alisema, "Mji mzuri," akarudi nyumbani akalia siku mbili. Na huku kukataa kupanda juu? Huyu mtu moyo wake uko Gants Hill.

Jumapili, 25 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma usiku. Waingereza wana uwezo wa kurudisha saa lakini basi la 123 hawawezi kulileta kwa wakati.

Alhamisi, 5 Novemba

Siku mbaya, acha niiandike yote.

Alhamisi asubuhi husoma Torati sinagogini, lakini lazima wafike wanaume kumi, Wayahudi. Tisa si kitu. Kwenye chumba kidogo cha nyuma, chenye hita mbili na harufu ya vitabu, tuliwakuta wazee sita. Wakaja wawili. Wao hawahesabu watu kwa namba, ni mwiko, hivyo mmoja huwanyooshea kidole akisema, "Si mmoja, si wawili, si watatu." Hili sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu nani atakubali umhesabie watoto wake? Husemi "sita", unasema "wapo, Mungu anawaona."

"Si wanane," akasema yule mzee. "Si tisa." Akafika kwangu, kidole kikasimama hewani, kikarudi mfukoni. Wote wakacheka, na mimi pia.

"Miaka mitatu unakuja, Laurean," akasema mmoja. "Ungekuwa umeshatahiriwa tukamaliza!"

"Nilishatahiriwa," nikamwambia. "Tatizo lenu sasa ni jingine."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha wakanituma nje nikatafute wa kumi. Nikaenda dukani kwa Daksha, Mgujarati anayeuza magazeti pale kona, ambaye anajua nani bado yuko mtaani na nani amehama.

"Wa namba ishirini na mbili amekwenda Edgware kwa binti yake," Daksha akasema, akiwatoa watu kwa vidole. "Daktari wa meno amehama. Yule wa mbwa amekufa, mbwa yupo. Kaka Laurean, zamani Jumapili nilikuwa nauza magazeti yao ya Kiyahudi rundo zima kabla ya saa nne. Siku hizi naagiza manne. Moja ni la Mzee wako."

Nilisimama kwenye njia ya miguu nikitazama kila mwanaume anayepita, namna polisi wanavyotutazama sisi. Hakupita wa kumi. Nikarudi. Wakasali kidogo kila mtu peke yake, wakafunika meza, wakaenda nyumbani. Torati haikusomwa.

Nilimrudisha Mzee nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake chini ya ngazi, hajavua koti, akiutazama mlango. Ndipo nikaelewa kile kiti kilihamia pale kwa nini. Mtu anayetazama mlango anangoja wageni. Anangoja warudi wote, wenye kofia, wenye watoto, waliokuwa wakitembea katikati ya barabara.

Sitakubali ang'olewe hapa kama mche wa kahawa wakati wa kiangazi.

Jumanne, 10 Novemba

Novemba. Kwetu mwezi huu senene wanashuka. Nilimsimulia Mzee jinsi anga linavyogeuka kijani, watoto wanavyokimbia na ndoo, mama anavyowakaanga na vitunguu.

"Panzi?" akasema. "Mnakula panzi?"

"Nyinyi hamli?"

"Torati inaruhusu aina nne. Shida ni kwamba waliozijua ni zipi wamekufa, na hakuna aliyeuliza mapema. Basi tumeziacha zote." Akafikiri. "Ndivyo vitu vinavyokwisha, Laurean. Havikatazwi. Anakosekana wa kuuliza."

Tukakaa, yeye na panzi wake, mimi na wangu.

Halafu akanisimulia walivyohamia hapa mwaka 1953 kutoka Whitechapel, mtaa wa kale wa Wayahudi jijini. Baba mkwe alilia, akasema mnampeleka binti yangu porini, huko hakuna Wayahudi, hakuna mchinjaji, mtoto atalelewa na ng'ombe. Nikamuuliza ni imani gani iliwafanya waje kuanzisha jamii mpya namna ile.

"Bafu," akasema. "Whitechapel choo kilikuwa uani, cha nyumba nne. Hapa kilikuwa ndani."

Mzee ana mizaha sana.

Jumamosi, 14 Novemba

Upepo toka jana. Jirani wa kushoto, familia ya mwisho ya Kiyahudi upande huu, nao wanauza. Wakala amesimamisha bango la INAUZWA uani kwao, karibu kabisa na dirisha la Mzee.

Nilipoingia asubuhi nilimkuta hajalala vizuri. Alikunywa chai, akautazama ukuta, akasema polepole:

"Bango la jirani limesimama pale. Usiku kucha nimelisikiliza."

Nywele zilinisimama. Leo ni Sabato! Siku ambayo Mzee haombi kitu, bali anausemesha ukuta na mwenye masikio anasikia. Nyumba ya jirani inauzwa. Amekesha akiiwaza. Hawezi kumwambia Dalia njoo ukae karibu yangu. Anaona haya kuwazuia vijana. Lakini amesema, na amenisemea mimi.

"Nimesikia, Mzee," nikamwambia.

"Vizuri," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

Jumapili, 15 Novemba

Nimemweleza Dalia yote: kiti, ngazi, "nyumba nzuri", bango. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, kati ya sinki la nyama na sinki la maziwa, maana kwa sheria yao havichanganywi, akalia.

"Nilijua," akasema. "Nilijua hataki kuondoka. Mwaka wa arobaini na tano huu yuko hapa." Akajifuta. "Na nyumba ya jirani bei yake ni nafuu kuliko Borehamwood. Kila mtu anakimbia ndiyo maana ni nafuu."

"Na Baba Leora?"

"Nitaongea naye."

Nilijisikia kama mtu aliyefunga ndoa ya watu wawili.

Alhamisi, 19 Novemba

Si wanane. Tukarudi.

Jumapili, 29 Novemba

Gideon na Dalia wamepeleka ofa kwa jirani, imekubaliwa. Mzee hajaambiwa, Dalia anataka iwe zawadi ya sikukuu ya mishumaa.

Gideon alikuja kupima vyumba. Alipima akiwa kimya, kama anampima marehemu. Nikamletea chai. "Laurean," akasema, "hapa mtaani kuna mtoto yeyote?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Yupo mjukuu wa Daksha. Huja wakati wa likizo."

"Ana umri gani?"

"Anajifunza kuendesha gari."

Akarudisha futi yake mfukoni. Leora alikuwa amesimama kwenye geti akitazama barabara huku na huku. "Wako wapi?" akaniuliza kwa Kiingereza. Nikamuuliza kina nani. "Wale wengine."

Nilimkuta Dalia uani akimtikisa kichanga na kuhesabu kwa vidole. Sikuuliza. Aliniambia mwenyewe: anahesabu miezi mpaka mtoto atembee, maana hizo ndizo Jumamosi atakazokaa peke yake ndani. "Si kitu," akasema. "Ni kwa ajili ya Opa. Alitutunza wote. Zamu yetu." Akanishika mkono. "Una uhakika, Laurean, siyo?"

Nikasema nina uhakika.

Jumatatu, 30 Novemba

Siku yangu ya mapumziko. Msabaha alikuwa anakaanga samaki, nikamsimulia.

"Kwa hiyo," akasema akigeuza samaki, "yule babu akienda Borehamwood, wewe kibarua chako kinakuwaje?"

"Hilo halihusiani."

"Sijasema linahusiana. Nimeuliza tu, ndugu yangu. Sisi watu wa Tanga ni washamba, mafumbo tunawaachia nyinyi maprofesa."

"Mzee mwenyewe alisema, tena Sabato."

"Alisema anataka kubaki?"

"Alisema bango limesimama."

Msabaha alinitazama muda mrefu mpaka samaki akaungua upande mmoja. Tulimla hivyo hivyo. Usiku usingizi haukuwa mzuri. Nadhani ni samaki.

Jumamosi, 5 Desemba

Upepo. Mzee aliuambia ukuta tena kuhusu bango. Nikamwambia, "Usijali, Mzee, mambo yanakwenda vizuri." Akafumba macho akasema neno la Kijerumani ambalo sikuulizia maana.

Jumapili, 13 Desemba

Mshumaa wa kwanza. Walikuwepo wote. Dalia alikaanga chapati zao za viazi mpaka nyumba nzima ikanukia kama kwetu siku ya senene. Leora aliwasha mshumaa akishikwa mkono, wakaimba, Mzee akaimba kwa sauti ya kinubi kilicholegea nyuzi. Nilifurahi na nilikuwa na hofu.

Kisha Dalia akapiga magoti mbele ya kile kiti chini ya ngazi. "Opa, tuna zawadi. Tunanunua nyumba ya jirani. Huendi popote. Tunakuja sisi."

Mzee akamtazama. Akamtazama Gideon. Akanitazama mimi.

"Kwa nini?" akasema.

"Ili ubaki hapa."

"Nani amesema nabaki hapa?"

Mafuta yalikuwa yanachemka jikoni.

"Nilisema nitakwenda mtakakokwenda," akasema Mzee. "Niliiona nyumba. Nikasema nzuri. Chumba changu nimeshapanga kitanda kitakaa wapi! Hapa mtakuja kufanya nini? Mtoto atacheza na nani, na mimi?"

Dalia akageuka. "Laurean?"

Nilitamani kuwa ukuta. "Mzee," nikasema, "wewe mwenyewe ulisema. Siku ile ya Sabato. Bango la jirani limesimama, usiku kucha unalisikiliza."

"Linagonga!" Mzee akapiga fimbo chini. "Lililegea msumari! Go, go, go, kichwani mwangu usiku kucha! Nilitaka ukalifunge kamba! Ukaniambia nimesikia, nikasema ahsante Mungu, ukasema mambo yanakwenda vizuri, na mpaka leo upepo ukivuma linagonga!"

Na hapo hapo, nje, upepo ukavuma. Go, go, go.

Gideon ndiye aliyeanza. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Dalia alikuwa anafanya yote mawili. Leora akauliza nini kinachekesha, hakuna aliyeweza kumwambia.

"Na ngazi?" nikasema, kwa kuwa mtu anayezama hushika hata unyasi. "Ulisema ngazi zimekuwa nyingi."

"Ngazi ZIMEKUWA nyingi! Nina miaka themanini na minne! Kwa nini unadhani nimekaa hapa chini miezi mitatu? Napumzika kabla ya kupanda!"

"Nilidhani ni fumbo."

"Siku gani nilisema?"

Nikakumbuka. "Jumanne."

"Jumanne!" Mzee akawageukia wote kama wakili mbele ya hakimu. "Jumanne nasema wazi, Laurean! Mimi ni Mjerumani! Siku sita nasema wazi!"

Nilitoka na tochi na kamba nikalifunga lile bango. Daksha alikuwa anafunga duka, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia ni kazi niliyopewa mwezi uliopita.

Jumatano, 16 Desemba

Ofa ya jirani imeondolewa, ya Borehamwood imekubaliwa. Watahama mwezi wa pili, Mzee pamoja nao. Dalia alinipigia mwenyewe. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Hata mimi niliambiwa wazi nikakataa kusikia," akasema. "Na wewe ulitaka abaki. Si vibaya kutaka."

Hilo la mwisho sikulitafsiri. Nimeliandika tu lilivyo.

Jumamosi, 19 Desemba

Sabato. Mzee aliuambia ukuta, "Kule Borehamwood Jumamosi kutakuwa na baridi sana. Vijana wenye vyeti tu."

Nikawasha hita. Zaidi ya hapo sikuelewa chochote, kwa makusudi.

Jumapili, 20 Desemba

"Mzee," nikasema, "leo Jumapili. Jana ulikuwa na maana gani?"

"Kwamba kuna treni ya kwenda kule. Nimekuulizia kwa watu wa kampuni yako, wamesema sawa ukitaka. Hilo nalo lilikuwa gumu?"

Nikasema nitafikiri. Nilishakubali jana, mbele ya hita.

Jumanne, 22 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Saa tisa na nusu taa za barabarani ziliwaka. Kuhama ni mwezi wa pili lakini Mzee hangoji: tumepakia vitabu vyake, na kwenye kuta yamebaki mapengo meupe palipokaa picha za harusi na za watu waliobaki Ujerumani. Bango la jirani sasa linasema IMEUZWA. Amenunua binamu yake Daksha, mwenye watoto wanne. Wanataka kukaa karibu na hekalu lao, na duka la viungo, na shangazi wa kuwaangalia watoto. Wa sinagogini nao walianza kumuaga Mzee Alhamisi iliyopita kwa vikombe vidogo vya pombe kali. Walikuwa si tisa, wakimhesabu yeye. Akiondoka watakuwa si wanane.

Niliketi kwenye ngazi ya chini, kando ya kile kiti. Nyumba ilikuwa na sauti ya nyumba iliyokwisha kujua. Nikawaza baba mkwe aliyelia mwaka 1953, na panzi wa aina nne, na mama yangu na chumvi yake, na wote waliokuwa wakitembea katikati ya barabara hii. Nikaona siwezi kuondoka hapa bila kuuliza, maana vitu hufa kwa kukosa wa kuuliza.

"Mzee," nikasema, "miaka arobaini na mitano. Sinagogi, majirani, mkeo amezikwa upande huu. Unaviachaje? Ni kwa ajili ya Leora? Ni kwa sababu kule watu kumi hawatakosekana? Au umechoka kungoja mlangoni?"

Alifikiri sana. Taa ya barabarani ilikuwa imemwangukia magotini.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Basi sikiliza vizuri," akasema. "Kule choo kiko chini."